Mchezaji Aliyebaki na Lugha Yake

Wale miongoni mwa wasomaji wetu waliowahi kusimama foleni mbele ya Majestic au Empire, mjini Unguja, wanaijua senema ya Kihindi kama wanavyozijua njia za mitaa yao. Wanamkumbuka Raj Kapoor katika Awaara na Nargis katika Mother India, na wapo akina mama, ambao leo ni mabibi, wanaoweza kuziimba nyimbo za Aradhana tangu mwanzo hadi mwisho ijapokuwa maana yake hawaijui. Lakini senema hiyo tuliyoizoea ilikuwa ya Bombay. Upande wa pili wa Bara Hindi, katika mji wa Calcutta, ambao sasa huitwa Kolkata, ilikuwapo na ingalipo senema nyingine, ya watu wasemao Kibengali, na hiyo haikuwa na bahati ya kuzoeleka kwetu. Kwa hivyo Soumitra Chatterjee alipofariki tarehe 15 Novemba 2020, akiwa na umri wa miaka 85, wengi wetu jina lake halikutugusa, ilhali kule kwao Waziri Mkuu wa jimbo alitembea kwa miguu katika msafara wa mazishi, na bunduki zikapigwa kwa heshima yake.

Twaona ni haki tumzungumze. Si kwa kuwa alikuwa mashuhuri, kwani mashuhuri ni wengi, bali kwa sababu ya watu aliowaigiza. Alikuwa mwalimu wa kijiji, daktari wa mji mdogo, dereva wa teksi, karani asiye na kazi. Watumishi wa serikali wanaolisoma gazeti hili wakizitazama filamu zake, huenda wakajiona wao wenyewe, na pengine wasipapendeze pale walipojiona.

Marehemu alizaliwa Calcutta tarehe 19 Januari 1935. Alisoma fasihi ya Kibengali, akaupenda mchezo wa jukwaani tangu ujanani, na riziki yake ya kwanza aliipata kwa kuwa mtangazaji katika Redio ya India. Mwongozaji Satyajit Ray alipokuwa akitafuta kijana wa kumcheza Apu katika filamu ya Aparajito, iliyotoka mwaka 1956, aliletewa Soumitra, akamwona amekwisha pita umri na kimo. Hakumsahau, hata hivyo. Miaka michache baadaye kijana huyo alikwenda kutazama tu Ray alivyokuwa akipiga filamu nyingine, na papo hapo akasikia akitambulishwa kwa mchezaji mkongwe kuwa yeye ndiye atakayekuwa Apu katika filamu ijayo. Ndivyo alivyopata kujua.

Filamu hiyo ijayo ni Apur Sansar, yaani maisha ya ndoa ya Apu, ya mwaka 1959. Apu ni kijana fukara mwenye elimu, amepanga chumba juu ya paa karibu na njia ya reli, anaota kuandika kitabu. Rafiki yake anamchukua kijijini harusini. Bwana harusi anapowasili anaonekana kuwa hana akili timamu, na kwa mila zao, msichana asipoolewa saa ile iliyopangwa amekwisha laaniwa. Apu, aliyekwenda kula biriani ya watu, kama tungesema sisi, anarudi mjini na mke. Tunawaona wawili hao katika chumba kile kikavu: kibanio cha nywele kilichosahauliwa kitandani, na ndani ya pakiti ya sigara maandishi ya mke akimkumbusha mumewe ahadi yake ya kuvuta moja tu baada ya chakula. Hakuna wimbo wala machozi ya kulazimishwa. Mke anapokwenda kwao kujifungua na kufa, Apu anampiga mjumbe aliyeleta habari, ambaye ni shemeji yake. Baadaye anazitupa kurasa za kitabu chake kutoka mlimani, na miaka mitano inapita asimtazame mtoto wake.

Aliyecheza mke huyo alikuwa msichana wa skuli, Sharmila Tagore, naye ndiye yule yule tuliyekuja kumjua katika Aradhana miaka 10 baadaye. Sharmila alikwenda Bombay. Soumitra hakwenda. Wala hatumlaumu bibi huyo, kwani kila mtu na riziki yake. Lakini tofauti ya njia zao ndiyo iliyotushughulisha. Bombay palikuwa na fedha na palikuwa na watazamaji kutoka Zanzibar hadi Moscow, na mwanamume mzuri wa sura kama yeye asingekosa nafasi. Alibaki Calcutta akacheza filamu zaidi ya 200, karibu zote kwa lugha ya mama yake. Kati ya hizo, 14 alizicheza chini ya Ray, kuanzia mwaka 1959 hadi 1990, na zilizobaki chini ya waongozaji wengine, wakubwa na wadogo, maana naye alikuwa na familia ya kulisha. Bombay ndiyo iliyomfuata: Waheeda Rehman alikwenda Calcutta kucheza naye katika Abhijan ya mwaka 1962, ambamo Soumitra ni dereva wa teksi mwenye hasira za karibu, anayeshawishiwa kupitisha afyuni ndani ya gari lake kukuu.

Nje ya senema alikuwa mshairi aliyechapisha diwani kadhaa, na pamoja na rafiki yake alilihariri jarida la fasihi lililoitwa Ekshan. Alipopewa nafasi ya Amal katika Charulata, filamu ya mwaka 1964 iliyotokana na hadithi ya Rabindranath Tagore, Ray alimtaka aandike mwandiko wa zamani, wa kabla mwandiko wa Tagore haujaigwa na Bengali nzima. Alijizoeza kwa miezi, kwa ajili ya mistari michache itakayoonekana, na mwandiko wake mwenyewe haukurudi tena ulivyokuwa.

Filamu ambayo tungependa tukae nayo zaidi ni Ashani Sanket, ya mwaka 1973, iliyopata tunzo kubwa ya Berlin mwaka huo huo. Inasimulia njaa ya Bengali ya mwaka 1943. Soumitra alikuwa mtoto wa miaka minane wakati huo. Katika filamu yeye ni Gangacharan, Brahmin pekee katika kijiji, ambaye kwa ukoo wake na kwa kujua kusoma amejipatia kazi tatu: kufundisha watoto, kutibu, na kusoma dua zao. Malipo yake ni mchele, mafuta na nguo. Si mtu mbaya, ila amekwisha zoea kuheshimiwa na kuletewa. Anapoitwa kukinga kijiji na kipindupindu, anakwenda kwanza kusoma kitabu cha afya, kisha anafanya ibada yake kwa fahari, na mwishoni anachomeka shauri: msinywe maji ya mto, msile chakula kilichotuliwa na nzi. Tumecheka tulipoliona jambo hilo, na baada ya kucheka tukafikiri kwamba maofisa wetu wa afya wangeweza kujifunza kitu hapo.

Halafu ndege za vita zinapita juu, na bei ya mchele inapanda. Wanakijiji hawajui vita iko wapi. Gangacharan mwenyewe hajui vizuri. Yaliyotokea ni haya: Japani iliitwaa Burma mwaka 1942, na mchele wa Burma ukakatika. Serikali ya Waingereza, ikiogopa adui asije kwa bahari, iliondoa akiba za mchele katika wilaya za pwani na ikazichukua au kuziharibu boti zote ziwezazo kupakia zaidi ya watu 10. Msomaji wa visiwani hahitaji kuelezwa maana ya mvuvi kunyang'anywa chombo. Tufani ya Oktoba 1942 ikaongeza madhara, wafanyabiashara wakaficha magunia, miji na majeshi yakalishwa kwanza. Watu wapatao milioni mbili hadi tatu walikufa.

Ray aliipiga filamu hii kwa rangi, na wapo waliomlaumu kwamba imependeza mno. Sisi twaona hapo ndipo penye uchungu wake. Miti ni ya kijani, maua yamechanua, mto umejaa. Ardhi haikukataa kuzaa, na watu wanakufa katikati ya uzuri huo. Soumitra habadiliki ghafla akawa shujaa. Tunamwona kidogo kidogo akipungukiwa na ile fahari: anaaibika mkewe anapotaka kwenda kutwanga mpunga wa watu, kisha aibu inamtoka kwa kuwa tumbo halijui aibu. Moti, mwanamke wa tabaka lisiloguswa, anapofia karibu na nyumba yao, Gangacharan anaushika mkono wake apate kujua kama yu hai, jambo ambalo mwanzoni mwa filamu asingelifanya hata kwa kisu. Hapana neno linalosemwa kulieleza.

Wazee wetu wa Unguja na Pemba waliula mchele huo huo wa Burma, na ulipokatika, chakula kikawa cha mgao, na mihogo ikarudi kuwa tegemeo. Tulikuwa tukizisikia habari hizo kama masimulizi ya shida zetu peke yetu. Kumbe ng'ambo ya bahari ile ile, kwa sababu ile ile, watu walikuwa wakizikana kwa maelfu.

Kuna filamu nyingine mbili tusizoweza kuziruka. Katika Hirak Rajar Deshe, ya mwaka 1980, mfalme mwenye migodi ya almasi anafunga skuli, anachoma vitabu, na wanaomnung'unikia anawatia katika chumba cha mitambo wanakotoka wakiimba sifa zake. Soumitra ndiye mwalimu anayekimbilia milimani. Watu wa filamu hii karibu wote wanasema kwa vina, mfalme na mawaziri na wachimbaji, isipokuwa mwalimu. Yeye anasema maneno ya kawaida. Sisi tunaopenda vina kuliko pengine taifa jingine lolote tulishituka kidogo. Ilitengenezwa kwa ajili ya watoto, lakini India ilikuwa imetoka katika hali ya hatari ya miaka ya 1975 hadi 1977, na watu wazima walielewa. Na katika Ghare Baire, ya mwaka 1984, mchezaji huyo huyo aligeuka. Ni Sandip, kiongozi mwenye ulimi wa asali, anayehimiza nguo za kigeni zichomwe moto, huku yeye mwenyewe akivuta sigara za kigeni, na wachuuzi maskini wa Kiislamu ndio wanaofilisika. Mtazamaji anamchukia na bado anataka kumsikiliza.

Kuhusu Ganashatru, ya mwaka 1989, itatubidi tuseme kwa unyenyekevu. Imetoholewa katika mchezo wa Henrik Ibsen wa Norway. Soumitra ni Daktari Ashoke Gupta anayegundua kuwa maradhi yaliyoenea mjini yanatokana na maji matakatifu ya hekalu, kwa kuwa mabomba yameingiliwa na uchafu. Hekalu linaleta mahujaji, mahujaji wanaleta fedha. Mwenyekiti wa manispaa ni ndugu yake daktari mwenyewe, naye hataki neno hilo litoke. Daktari analipeleka gazetini. Mhariri kwanza anafurahi, anasifu ujasiri wake, anaahidi kuchapisha. Baada ya kutembelewa na mwenyekiti, makala inarudishwa kwa mwandishi. Tuliitazama sehemu hiyo pamoja chumbani kwetu, wahariri na wapiga chapa, na hakuna aliyetia neno. Ray alikuwa mgonjwa wa moyo, kwa hivyo filamu karibu yote imepigwa ndani ya vyumba, na wapo wanaoiona kavu. Ni kweli, imekauka. Lakini uso wa Soumitra, mtu mpole aliyezoea kuaminiwa, akigundua siku moja kwamba mji mzima unamzomea, unatosha kuijaza.

Serikali ya nchi yake na yeye hawakuelewana upesi. Katika miaka ya 1970 alikataa nishani ya Padma Shri, na mwaka 2001 akakataa tunzo ya taifa ya senema iliyotolewa kwake kama ya kumfuta machozi. Tunzo ya mchezaji bora ilimfikia mwaka 2008, alipokwisha pita miaka 70, na ile kuu kupita zote, ya Dadasaheb Phalke, mwaka 2012. Wafaransa walikwisha mtambua kabla. Katika uzee wake alirudi jukwaani kuwa Mfalme Lear kwa Kibengali, na aliendelea kucheza filamu mpaka maradhi ya korona yalipomlaza Oktoba 2020.

Filamu zenyewe zilikaribia kupotea. Mwaka 1993 moto uliunguza maabara mjini London zilimohifadhiwa nakala za asili za habari za Apu, na mafundi wa Bologna, Italia, walizitengeneza upya kwa mkono, fremu kwa fremu, zikaonyeshwa tena mwaka 2015. Kwa hivyo hapana kisingizio cha kusema hazipatikani. Kila mwaka, tangu 1998, Ngome Kongwe huwa na tamasha la filamu za nchi za majahazi, na Ghuba ya Bengali nayo ni bahari ya majahazi. Twapendekeza kwa wanaohusika kwamba baadhi ya filamu hizi ziletwe, ziandikwe tafsiri ya Kiswahili chini ya picha, na zipelekwe Pemba pia, si mjini Unguja tu. Kama tungeulizwa ianze ipi, tungeichagua Ashani Sanket, na viti vya mbele tungewawekea wazee wanaokumbuka mchele wa mgao.