Kutu ya Pwani na Vumbi la Zagayu: Kwa Nini Vipuri vya Mlango Huchakaa

Mlango ni mtambo, ingawa ni watu wachache wanaouhesabu hivyo. Una viungo vinavyozunguka, ambavyo ni bawaba. Una sehemu zinazobeba uzito, ambazo ni miimo na skrubu. Na baadhi ya milango, hasa ya mabanda ya magari, maduka na maghala, ina magurudumu, reli na springi. Kama ilivyo kwa mtambo mwingine wowote, vipuri vyake huchakaa na hubadilishwa.

Katika nyumba za zamani zilizo karibu na bahari, kama zile za Oysterbay jijini Dar es Salaam, za Raskazoni mjini Tanga au za Mji Mkongwe wa Zanzibar, kazi hiyo haina mwisho. Bawaba ya chuma cha kawaida hushika kutu, huvimba na kukwama muda mfupi baada ya kufungwa. Zagayu, mkoani Simiyu, ipo zaidi ya kilomita 500 kutoka Bahari ya Hindi, na zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wake. Huko bawaba ya namna hiyo hiyo huweza kukaa miaka mingi bila kuliwa na kutu. Hata hivyo, milango ya Zagayu nayo hukwama, hulia na kuning'inia. Vipuri vinakufa katika sehemu zote mbili, lakini kwa magonjwa tofauti, na dawa inayofaa sehemu moja huweza kuwa sumu katika sehemu nyingine. Atakayebadilisha kipuri bila kuchunguza kilichokiharibu atalazimika kukibadilisha tena.

Chuma kinavyoliwa

Kutu si uchafu unaotoka nje na kushikamana na chuma. Ni chuma chenyewe kilichogeuka. Ili mgeuko huo utokee, vitu viwili sharti viwepo pamoja, navyo ni maji na oksijeni. Tone la maji linapokaa juu ya chuma, atomi za chuma katika sehemu moja hupoteza elektroni na kuingia majini zikiwa ayoni. Elektroni hizo husafiri ndani ya chuma hadi sehemu nyingine, ambako hupokewa na oksijeni iliyoyeyuka majini. Hivyo juu ya bawaba moja hujengeka betri ndogo ndogo nyingi, na kila betri inapofanya kazi chuma hupungua.

Kutu inayotokana na mmenyuko huo huchukua nafasi inayozidi mara mbili ile ya chuma kilichoizaa. Ndiyo sababu pini ya bawaba hukwama ndani ya tundu lake, na ndiyo sababu zege hupasuka pale nondo au vishikizo vya bawaba vilivyofukiwa ndani yake vinaposhika kutu.

Kazi ya chumvi

Kila kilo moja ya maji ya bahari huwa na takriban gramu 35 za chumvi. Mawimbi yanapovunjika ufukweni, matone madogo mno hurushwa hewani na kubebwa na upepo. Chembe za chumvi zilizomo hutua juu ya kuta, mabati na milango. Nyingi kati yake huanguka katika mita mia chache za mwanzo kutoka ufukweni. Kwa hiyo nyumba inayotazama bahari huumia zaidi kuliko ile iliyo kilomita chache nyuma yake.

Chumvi hiyo huleta madhara matatu. Kwanza, huvuta unyevu. Sodiamu kloridi, yaani chumvi ya kawaida, huanza kuyeyuka kwa kunyonya mvuke wa hewani pale unyevu wa hewa unapofikia kiasi cha asilimia 75. Magnesi kloridi, ambayo nayo imo katika chumvi ya bahari, huanza kuyeyuka penye asilimia 33 hivi. Maana yake ni kwamba chuma cha pwani huweza kufunikwa na utando wa maji hata siku ambayo haikunyesha mvua. Pili, maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri, hivyo betri zilizoelezwa hapo juu hufanya kazi kwa kasi. Tatu, ayoni za kloridi hutoboa ganda jembamba linalozikinga baadhi ya metali, na kuchimba vishimo vyembamba visivyoonekana kwa urahisi.

Katika nyumba za zamani liko jambo la nne. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, au za zege iliyochanganywa kwa mchanga wa ufukweni usiooshwa, hutunza chumvi ndani yake. Skrubu hushambuliwa kutoka ndani ya ukuta, mahali ambapo brashi ya rangi haifiki. Bawaba huonekana nzima kwa mbele, ilhali kinachoishikilia kimekwisha.

Metali mbili zinapogusana

Mwaka 1761 jeshi la wanamaji la Uingereza liliifunika sehemu ya chini ya meli yake, HMS Alarm, kwa mabamba ya shaba ili kuzuia minyoo ya baharini isitoboe mbao. Meli ilipokaguliwa mwaka 1763, shaba ilikuwa katika hali nzuri, bali misumari ya chuma iliyogusana nayo ilikuwa imeoza vibaya. Iliyosalimika ni misumari iliyotengwa na shaba kwa karatasi ya kahawia.

Kanuni iliyojidhihirisha hapo ni kwamba metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji ya chumvi, ile inayotoa elektroni kwa urahisi zaidi huliwa haraka, na ile nyingine hukingwa. Fundi anayefunga bawaba ya shaba ya manjano kwa skrubu za chuma anarudia kosa la meli hiyo: skrubu ndizo zitakazokatika, na mlango utaanguka bawaba zikiwa zinang'aa.

Kanuni hiyo hiyo ikitumiwa kwa akili hugeuka kuwa kinga. Mwaka 1824 mwanasayansi Mwingereza Humphry Davy alionyesha kwamba shaba ya meli ingeweza kukingwa kwa kuunganishwa na vipande vya zinki au chuma. Zinki hutoa elektroni kwa urahisi kuliko chuma; hivyo chuma kilichopakwa zinki hukingwa hata pale kinapokwaruzwa kidogo, kwa kuwa zinki huliwa kwanza kwa niaba yake. Lakini zinki hiyo ina mwisho, na karibu sana na bahari mwisho huo huja mapema. Hapo ndipo chuma kisichoshika kutu, chenye kromiamu isiyopungua asilimia 10.5, kinapostahili bei yake. Si aina zote zinazofaa sawasawa: ile inayouzwa kwa namba 316 imeongezwa molibdeni, na huihimili kloridi kuliko ile ya namba 304.

Maadui wa mlango wa Zagayu

Zagayu haina upepo wa bahari, lakini ina vumbi. Katika miezi ya kiangazi vumbi hupenya kwenye bawaba, vitasa na reli. Ndani ya vumbi mna chembe za kwazi, madini ambayo ni magumu kuliko chuma cha bawaba ya kawaida. Chembe hizo zikikaa kati ya pini na tundu lake husaga chuma kama tupa. Mwenye nyumba akiongeza grisi nyingi juu ya bawaba iliyo wazi, grisi hunasa vumbi zaidi na kuwa uji wa kusagia. Kipuri kilichokufa hivyo hakina kutu nyingi. Kimelegea, kimepungua upande mmoja, na kinang'aa pale kiliposuguliwa.

Kwa kitasa cha mahali penye vumbi, kilainishi kikavu hufaa zaidi. Unga mweusi wa penseli, ambao ni grafaiti iliyochanganywa na udongo, huweza kulainisha kitasa bila kunasa vumbi jingi. Lakini fundi asiipeleke dawa hiyo pwani. Grafaiti hupitisha umeme, na ndani ya unyevu wa chumvi hufanya kazi ile ile iliyofanywa na shaba ya HMS Alarm: huharakisha kuliwa kwa chuma kinachogusana nayo. Pwani hufaa mafuta au grisi isiyo na grafaiti, ambayo huzuia maji yasikifikie chuma.

Adui wa pili ni ardhi. Sehemu nyingi za mkoa wa Simiyu zina udongo mweusi wa mbuga, ambao huvimba unapolowa na kupasuka unapokauka. Nyumba yenye msingi mfupi juu ya udongo huo hupanda na kushuka kwa majira, na miimo ya mlango huinama pamoja nayo. Mlango huanza kusugua sakafu, na uzito wote huhamia kwenye bawaba moja. Kubadilisha bawaba hiyo pekee ni kutibu homa na kuacha maradhi. Bawaba mpya nayo itapinda, mpaka miimo isimamishwe wima na maji ya mvua yaelekezwe mbali na msingi.

Hata hivyo, kutu haikosekani kabisa. Mlango wa bati wa banda la mifugo huanza kuoza kwa chini, kwa sababu mikojo ya wanyama ina chumvi na unyevu wake haukauki upesi. Banda la namna hiyo ni pwani ndogo katikati ya nchi kavu, na vipuri vyake vichaguliwe kwa kanuni za pwani.

Hatari iliyo ndani ya springi

Milango ya kukunja kuelekea juu, iliyozoeleka madukani na katika baadhi ya mabanda ya magari, huwa na springi inayosaidia kuinua uzito. Chukua mlango wenye uzani wa kilo 60 na kimo cha mita 2.4. Unapofunguliwa wote, kitovu cha uzito wake hupanda mita 1.2. Nishati inayohitajika ni 60 × 9.8 × 1.2, yaani takriban jouli 700. Nishati hiyo ni sawa na ya jiwe la kilo 10 lililoanguka kutoka kimo cha zaidi ya mita 7. Springi iliyosawazishwa vizuri na mlango hubeba sehemu kubwa ya nishati hiyo mlango unapokuwa umefungwa, wakati kila kitu kinaonekana kimetulia.

Springi nyingi za milango ya namna hii hukadiriwa kuhimili mizunguko 10,000 ya kufungua na kufunga. Mlango unaofunguliwa mara 4 kwa siku hufikisha idadi hiyo baada ya siku 2,500, yaani karibu miaka 7. Pwani muda huo hupungua, kwa kuwa kila kishimo cha kutu ni mahali ambapo ufa huweza kuanzia. Springi ikikatika, mlango huweza kuanguka kwa kishindo. Aidha, asiye na mafunzo akifungua skrubu zinazoishikilia ikiwa bado imekazwa, nishati yote hutoka kwa mara moja mikononi mwake. Kwa hiyo bawaba, komeo na kitasa vyaweza kubadilishwa na mwenye nyumba aliye mwangalifu. Springi ni kazi ya fundi aliyefunzwa kuilegeza. Watoto wasiruhusiwe kupita chini ya mlango ambao umeanza kuwa mzito kuliko kawaida au unaoshuka wenyewe.

Utaratibu wa kubadilisha

Hatua ya kwanza ni kukisoma kipuri kilichotolewa. Kikiwa kimevimba na kina magamba mekundu, kimeuawa na maji na chumvi. Kikiwa kimelegea na kinang'aa, kimesagwa. Kikiwa kimepinda, kimebebeshwa uzito usio wake. Kikiwa kimekatika ghafla, chunguza kama ufa ulianzia kwenye kishimo cha kutu. Hatua ya pili ni kukagua miimo na ukuta, hasa matundu ya skrubu. Hatua ya tatu ni kuuegemeza mlango kwa magogo imara kabla ya kufungua bawaba, na kubadilisha bawaba moja baada ya nyingine. Hatua ya nne ni kutumia bawaba na skrubu za metali ya aina moja. Pale isipowezekana, zitenganishwe kwa kipande cha plastiki au mpira. Hatua ya tano ni matunzo: pwani, kuosha vipuri mara kwa mara kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kuvikausha na kuvipaka mafuta, Zagayu, kufagia reli na kufuta vumbi kwenye bawaba kabla ya kuzilainisha.

Jaribio la darasani

Shule iliyo mbali na bahari yaweza kutengeneza pwani yake. Yeyusha gramu 35 za chumvi katika lita moja ya maji. Andaa chupa nne zilizo wazi. Katika ya kwanza weka msumari wa kawaida ndani ya maji matupu, yakiufunika nusu. Katika ya pili weka msumari kama huo ndani ya maji ya chumvi. Katika ya tatu weka msumari uliozungushiwa waya wa shaba uliomenywa, pia ndani ya maji ya chumvi. Katika ya nne weka msumari wa bati uliopakwa zinki, uliokwaruzwa kidogo kwa tupa, ndani ya maji ya chumvi. Wanafunzi waandike wanachokiona kila siku kwa muda wa siku 7, wapime mabadiliko ya uzani ikiwa mizani ipo, kisha waeleze kwa nini msumari wenye waya wa shaba na ule wenye zinki vinatofautiana ingawa vyote viwili vina metali mbili.

Baada ya hapo waende kwenye milango ya shule yao, wahesabu bawaba zilizolegea, zilizopinda na zilizoshika kutu, na waandike chanzo cha kila moja. Waanze na milango ya mabweni, kwa kuwa mlango wa bweni unaokwama huwa hatari kubwa siku ya moto. Orodha hiyo itamwezesha mkuu wa shule kununua kipuri kinachofaa kabla mlango haujashindwa kufunguka.