Bwana Msa na Mpaka wa Riwaya Pendwa

Uhakiki wa Kiswahili umezoea kuzigawa riwaya katika mafungu mawili: riwaya dhati na riwaya pendwa. Kazi za Muhammed Said Abdulla (1918–1991), mwanahabari na mwandishi wa Zanzibar, hazikai vema katika fungu lolote kati ya hayo. Sababu yake haimo katika fani peruzi tu. Imo pia katika mlango uliotumika kuzifikisha kwa wasomaji.

*Mzimu wa Watu wa Kale* ilishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la mwaka 1957–58, ikachapishwa mwaka 1960. Msomaji wake wa kwanza, basi, hakuwa mpita njia mwenye shilingi mkononi, bali mwamuzi wa lugha. Abdulla alikuwa na bahati hapa: Kiunguja, lahaja yake, ndicho kilichochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Mazungumzo ya barazani yaliingia kitabuni bila kuhitaji kibali.

Athari ya Conan Doyle haifichiki. Bwana Msa ana kiko chake, na Najum anashika nafasi ya Watson. (Msa, ikumbukwe, ni herufi za mwanzo za jina la mwandishi mwenyewe.) Lakini kuishia hapo, kama wafanyavyo baadhi ya wahakiki, ni kumpunja. Holmes husoma majivu na nyayo. Bwana Msa husikiliza. Fumbo lake hufungwa ndani ya nasaba, ndoa na siri za nyumba, nalo hufunguka pale mtu anapoteleza katika usemi. Msuko ni wa kuazima. Ushahidi ni wa lugha. Ndiyo maana riwaya hizi hazitafsiriki kwa urahisi.

Linganisha na Willy Gamba wa Elvis Musiba katika *Kufa na Kupona* (1974). Huyo ni jasusi, hutumia silaha, na sentensi zake hukimbia kwa kuwa msomaji wa mjini naye ana haraka. Soko lilidai kasi, kama vile shindano lilivyodai lugha. Kumhukumu Musiba kwa kipimo cha Abdulla ni kuwalinganisha wachapishaji kwa kisingizio cha kuwalinganisha waandishi.

Abdulla aliendelea na mpelelezi wake katika *Kisima cha Giningi* (1968), *Duniani Kuna Watu* (1973) na nyingine, hadi *Kosa la Bwana Msa* (1984), ambamo tangu jaladani msomaji anaambiwa kwamba hata mjuzi huyu hukosea.