Wanaosubiri majibu ya udahili, somo la kwanza liko Litowa

Sehemu ya nne

Tuliishia kwenye barua za wadhamini, na namna ya kuwaomba walimu wako wa zamani waziandike kabla dirisha la maombi halijafungwa. Mambo ya GPA, mtihani wa Kiingereza na barua ya kujieleza yalishapita katika sehemu za mwanzo, sitayarudia. Waliotuma maombi ya shahada ya uzamili katika taaluma za maendeleo wameshatuma, na sasa wanasubiri.

Wanasubiri katika wakati mgumu. Julai 1, 2025 Marekani ililifunga shirika lake la misaada, USAID, lililoanzishwa na Rais Kennedy mwaka 1961, na kazi zilizobaki zikahamishiwa Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi hiyo. Februari ya mwaka huohuo Uingereza ilikuwa imeshatangaza kwamba misaada yake itashuka kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi asilimia 0.3 ifikapo 2027. Ndiyo maana vijana wanaonisimamisha njiani hapa Songea sasa wana maswali mawili. Majibu yatatoka lini? Na yakitoka, shahada hiyo ina kazi gani tena ikiwa mashirika yenyewe yanafunga milango?

Swali la kwanza lina jibu fupi, nitalitoa kabla hatujaagana. La pili lina jibu refu, na wasomaji wangu wa siku nyingi wameshakisia linaanzia wapi. Linaanzia Litowa.

Mkoa uliotoa watu

Enzi za Mwingereza, Songea ilijulikana zaidi kwa kutoa nguvu kazi. Vijana wa Kingoni na Kindendeule waliondoka kwa makundi kwenda kukata mkonge Tanga, wakaitwa manamba, na wengine hawakurudi. Serikali ya kikoloni ilimtuma mwanaanthropolojia wake, Philip Gulliver, aje kulichunguza jambo hilo, na mwaka 1955 utafiti wake kuhusu Wangoni na Wandendeule ukachapishwa. Kwa hiyo miaka sabini iliyopita sisi tulikuwa tayari mada ya watu wanaosomea maendeleo, ingawa hatukuwa tumekaa upande wa meza wanakokaa wanaoandika.

Mwaka 1960, kabla bendera ya Tanganyika haijapandishwa, kundi dogo la vijana wa TANU Youth League wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga liliingia porini Litowa, hapa hapa wilayani Songea, likaamua kulima pamoja badala ya kupanda lori la Tanga. Jaribio la kwanza lilivunjika. Chakula hakikutosha, wakatawanyika. Mwaka 1961 wakarudi.

Hapo huwa nasimama, na leo nitasimama pia. Hakuna aliyewaagiza warudi. Azimio la Arusha lilikuwa bado miaka sita mbele. Hapakuwa na mradi, hapakuwa na posho ya semina wala fulana zenye nembo ya mfadhili. Walirudi kwa sababu walikuwa wameona kosa lao ni akiba ya chakula na si wazo lenyewe. Kijana wa leo anayekata tamaa kwa barua moja ya kukataliwa angefanya vizuri kuwafikiria wale waliorejea kwenye shamba lililokwisha kuwashinda.

Mwaka 1963 vijiji vilivyofuata njia hiyo viliungana vikaunda Ruvuma Development Association, yaani Chama cha Maendeleo Ruvuma. Mwaka huo Mwingereza Ralph Ibbott, aliyekuwa mkadiriaji wa gharama za majengo kwa taaluma, alihamia Litowa na familia yake. Alitoka St Faith's, shamba la Rhodesia ya Kusini ambako weusi na weupe walijaribu kufanya kazi kwa usawa wakati sheria za nchi zikitaka kinyume chake. Ibbott alikuwa mshauri. Hakuwa meneja wa mradi, na mikutano ya wanakijiji ndiyo iliyoamua. Masimulizi yake mwenyewe yalichapishwa London mwaka 2014, na ninayapendekeza kwa kila mwombaji kabla hajafungua kitabu kingine chochote cha somo hili.

Kufikia 1969 chama hicho kilikuwa na vijiji 17. Kilimiliki mashine ya kusaga nafaka hapa Songea mjini na kiwanda cha kupasua mbao. Fikiria maana yake: mkulima anayelima mahindi, anayeyasaga na anayepata faida ya kusaga ni yuleyule. Wataalamu wa leo wana jina refu la jambo hilo, nao hulifanyia warsha za siku tatu hotelini. Wazee wa Litowa walilifanya kwa kuinunua mashine.

Shule yao ilikuwa jambo la aina yake. Mwalimu mkuu alikuwa Suleman Toroka. Wanafunzi walilima chakula chao, na mambo mengi ya shule waliyajadili katika mikutano yao badala ya kusubiri kengele na fimbo ya mwalimu. Walisomeshwa ili wabaki vijijini wavijenge, si ili wafaulu wakimbie. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea Machi 1967, watoto wa Litowa walikuwa wameshaizoea. Kate Wenner, kijana wa Kimarekani aliyefundisha hapo, alirudi kwao akaandika kitabu alichokiita Shamba Letu, kikatoka mwaka 1970.

Kwa nini kilikufa

Kitabu kilipotoka, chama chenyewe kilikuwa kimeshauawa. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja. Mali zake zikachukuliwa, wageni wakaondoshwa, walimu wa Litowa wakatawanywa. Maofisa na viongozi wa TANU hawakuwa wamependezwa na wanakijiji waliozoea kuuliza na kuamua wenyewe. Wakati nchi nzima inaimba ujamaa vijijini, mahali ulipokuwa umeota wenyewe ndipo ulipong'olewa.

Yaliyofuata mnayajua. Operesheni Vijiji, kuanzia 1973, ilihamisha mamilioni ya watu kwa amri, wengine kwa malori, nyumba zao zikibomolewa nyuma yao. Mwanafunzi wa maendeleo atakayepata nafasi New York au Brighton atakutana na habari hiyo mapema, kwa kuwa kitabu cha James Scott cha mwaka 1998 kuhusu mipango mikubwa ya serikali iliyoshindwa kina sura nzima juu ya vijiji vyetu. Atajifunza kwamba Tanzania ilifeli. Asipokuwa ametoka nyumbani na habari za Litowa kichwani, hatakuwa na la kujibu. Atainamisha kichwa tu.

Na sio habari zote zilizikwa. Matetereka, kimojawapo cha vijiji vile 17, kiliendelea na kazi ya pamoja kwa miaka mingi baada ya amri ya 1969. Mtafiti D. M. Edwards alikifuata, na mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Edinburgh kikachapisha kazi yake, akikiita kijiji cha mwisho cha ujamaa Tanzania. Edinburgh ndiko Nyerere alikosoma kuanzia 1949 hadi 1952. Mtu wa Edinburgh aliweza kufika Matetereka kutafuta maarifa. Kijana wa Lizaboni au Bombambili, aliye karibu nayo zaidi, anajaza fomu ya kwenda Edinburgh bila kuwahi kukanyaga Matetereka.

Kwa hiyo jibu la swali la pili ni hili. Litowa haikufa kwa kukosa mfadhili. Ilikufa kwa sababu watu wenye madaraka waliamua ife, na watu wengine wenye nia njema walinyamaza. Ikiwa ndivyo, kufungwa kwa USAID hakuwezi kuifanya taaluma ya maendeleo ikose kazi. Swali lake kuu halikuwa fedha za mgeni. Lilikuwa nani anaamua, na nani anakula matunda ya kilicholimwa. Aliyeomba shahada hii ili apate gari lenye antena ndefu na posho ya safari, huyo kweli ana sababu ya kuhuzunika mwaka huu. Wengine waendelee.

Na maswali yapo mlangoni. Ruvuma imekuwa ikiongoza nchi kwa mahindi. Msimu wa ununuzi unapofika, magari hupanga foleni kwenye kituo cha hifadhi ya chakula Ruhuwiko, wakulima wakilala juu ya magunia yao. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 uliokuta wastani wa udumavu wa watoto nchini kuwa asilimia 30 uliikuta Ruvuma juu ya hapo. Ghala limejaa na mtoto amedumaa, katika mkoa mmoja. Kule Mbinga, Wamatengo wamelima miteremko mikali kwa mashimo ya ngoro kwa vizazi, na maprofesa wa Kyoto wakaja kushirikiana na wenzao wa Sokoine kujifunza namna mashimo yale yanavyozuia mmomonyoko wa udongo.

Majuzi nilikuwa steshenari moja ya Mfaranyaki natoa nakala. Binti aliyekuwa mbele yangu, msomi wa mipango, alikuwa ameinamia simu yenye kioo kilichopasuka.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Majibu?"

"Bado. Wanaandika bado wanashughulikia."

Nilimwuliza katika barua ya kujieleza aliandika habari gani. Akaniambia aliandika habari za benki ya Grameen ya Bangladesh. Nikamwuliza habari za ile SACCOS ya kijijini kwao, ambayo mama yake ni mweka hazina. Akacheka. "Hiyo sikuiandika, mwalimu. Niliona si ya kitaaluma."

Simlaumu yeye. Nawalaumu waliomfundisha miaka kumi na sita bila hata siku moja kumwambia kwamba kitabu cha hesabu cha mama yake ni nyaraka. Na nazilaumu mamlaka zetu. Kila Februari 27 tunakusanyika kwenye Makumbusho ya Majimaji kuwakumbuka mashujaa walionyongwa 1906, na ni wajibu wetu. Lakini nimekuwa nikiomba kwa muda mrefu chumba kimoja tu cha kutunza kumbukumbu za Chama cha Maendeleo Ruvuma: picha, barua, daftari za mikutano, sauti za wazee. Aliyekuwa na miaka ishirini mwaka 1961 sasa amepita themanini. Wazee hao hawasubiri kikao cha bajeti.

Majibu yatatoka lini

Nafasi imebaki ndogo, basi kwa ufupi. Marekani, majibu mengi ya uzamili hutoka kati ya Februari na Aprili. Vyuo vingi huko vimekubaliana kwamba mwombaji aliyepewa ufadhili asilazimishwe kujibu kabla ya Aprili 15. Kwa hiyo aliyewekwa kwenye orodha ya akiba asikate tamaa kabla ya tarehe hiyo, kwani ndipo waliopata vyuo viwili huachia kimoja na nafasi kusogea. Uingereza, udahili ni kitu kimoja na fedha ni kingine: chuo kinaweza kukukubali mapema, na skolashipu ya Chevening, ambayo kwa kawaida hufanya usaili kati ya Februari na Aprili, ikakujibu kuanzia Juni. Barua ya chuo bila ufadhili usiisherehekee kwa kuchinja mbuzi, wala usiitupe.

Kimya si kukataliwa. Tarehe waliyoahidi ikipita kwa wiki mbili, andika barua pepe moja, fupi, yenye namba yako ya maombi. Moja inatosha. Kuamka usiku kufungua simu hakubadilishi kitu: saa kumi na moja jioni ya Washington, wakifunga ofisi, kwetu ni saa sita au saa saba ya usiku, na barua itakuwepo asubuhi. Bando linaloisha kwa kuchungulia ukurasa uleule lingetosha kusoma makala nzima ya utafiti. Anayekaa barazani tangu siku ya kupanda hadi siku ya kuvuna atavuna magugu.

Wala usifunge macho kwa vyuo vya nyumbani. Taasisi ya Taaluma za Maendeleo ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ipo tangu 1973. Mzumbe na Sokoine wanafundisha somo hili, na Chuo Kikuu Huria kina kituo hapa hapa Songea. Ukipata nje, kumbuka mapema kuwa shahada yako itapaswa kutambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, utakaporudi, basi hakikisha chuo chenyewe kinatambulika kabla hujalipa hata senti.

Kazi ya kipindi hiki cha kusubiri naitoa kama mwalimu, na sitegemei kubishiwa. Tafuta mzee mmoja aliyeishi katika kijiji cha chama kile, awe wa Litowa, wa Matetereka au popote. Nenda na daftari na sukari kilo moja. Mwulize nani alipanga kazi, fedha ziligawanywaje, na siku ile ya 1969 ilikuwaje. Andika jina la kijiji na tarehe, msomee ulichoandika, akusahihishe. Ukiitwa kwenye usaili utakuwa na la kusema ambalo jopo halijalisikia. Usipoitwa, utakuwa umefanya utafiti wako wa kwanza, na mwaka ujao barua yako itaanzia hapo badala ya Bangladesh.

Wiki ijayo: waliokubaliwa bila ufadhili, na namna ya kuomba kuahirisha kwa mwaka mmoja bila kupoteza nafasi.