Mlete Hata Kama Amepona

"Daktari, kama si pepo, mbona alipopungwa alipona?" Swali hili waume wa Pemba wameniuliza mno, na wake wamewaulizia waume zao vilevile, kiasi kwamba sasa nalijibu hadharani. Hadithi haibadiliki. Mke alipoteza nuru ya jicho moja, jicho likamuuma kila akiligeuza. Au ganzi ilimpanda kutoka miguuni hadi kiunoni. Akanyweshwa kombe, akapelekwa kilingeni, akafukizwa. Baada ya wiki chache akaona, akatembea. Mwaka uliofuata mkono ukalegea, na jamaa wakamrudisha kwa mganga yule yule kwa kuwa mara ya kwanza "alimponya".

Hakumponya. Maradhi haya, maltipo sklerosisi, ambayo madaktari huyaandika MS, aghalabu huanza kwa kuja na kuondoka. Kinga ya mwili hushambulia utando unaofunika nyuzi za fahamu kwenye ubongo, uti wa mgongo na nyuma ya jicho. Uvimbe ukitulia, nguvu hurudi, zote au nusu. Hutulia mgonjwa akiwa kilingeni, na hutulia akiwa amelala kwake bila kuguswa na mtu. Utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 1992 uliwafuatilia wagonjwa waliovimba mshipa wa fahamu wa jicho, na kundi moja lilipewa vidonge visivyo na dawa yoyote ndani yake. Wengi wa kundi hilo waliona tena vizuri. Sasa tumpe nani sifa hapo?

Na mafusho ndiyo yanayonikera zaidi. Mwaka 1890 daktari wa macho Mjerumani, Wilhelm Uhthoff, alieleza habari za wagonjwa ambao nuru ilififia kila wakijichosha. Baadaye ikabainika kuwa kinachowafanya hivyo ni joto la mwili kupanda. Uzi uliopoteza utando wake hushindwa kupitisha taarifa ukipata joto. Zamani madaktari walikuwa wakimtia mgonjwa kwenye maji ya moto, akilegea wakasema ndiyo MS. Basi mfunike mgonjwa huyu blanketi juu ya chungu cha mvuke: miguu itamwisha nguvu, macho yatamwingia kiza, ataanguka. Watu watasema pepo amepanda kichwani. Mfunue, apoe, nguvu zitarudi, nao watasema ametoka. Hakuna kilichopanda wala kilichotoka ila joto. Sina ugomvi na dua wala kisomo. Muombeeni, tena sana. Ugomvi wangu ni na mvuke, na ni na miezi inayopotea. Kila shambulio linaweza kuacha kovu, na makovu yakilimbikizana hufika siku miguu hairudi tena. Sindano za vitamini zinazochomwa dukani kwa ajili ya "mishipa" nazo hazizuii shambulio hata moja.

Simwambii kila aliyelegea miguu kwamba ana MS. Kwetu ni nadra. Kifua kikuu cha uti wa mgongo, kichocho, ambacho Pemba tunakijua vizuri, na upungufu wa vitamini B12 vyote vinaweza kulegeza miguu, na vyote vina tiba. Yapo pia maradhi pacha yanayoshambulia macho na uti wa mgongo, na baadhi ya dawa za MS huyazidisha. Ndiyo maana anahitajika bingwa, si kubahatisha.

Njia ni hii. Anzia hospitali ya Chake Chake, Wete au Abdalla Mzee ya Mkoani, uombe rufaa ya Mnazi Mmoja, na kutoka hapo Muhimbili. Mabingwa wa mishipa ya fahamu nchini ni wachache na wengi wako Dar es Salaam. Kipimo kinachotakiwa ni MRI ya ubongo na uti wa mgongo. CT mara nyingi haioni makovu haya, usimalizie fedha huko. Kabla ya kupanda boti, uliza bima yako, au Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar kama umo, inalipia nini. Andika kwenye daftari: lini ilianza, upande gani, ilidumu siku ngapi, nini kilibaki. Mrekodi kwa simu anavyotembea. Shambulio kali hutibiwa kwa dawa ya steroidi ya mshipani kwa siku 3 hadi 5, baada ya kuhakikisha hana maambukizi yaliyojificha. Ya kuzuia mashambulio ni dawa nyingine, ya muda mrefu: mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza tatu kwenye orodha yake ya dawa muhimu, mojawapo rituksimabu, ambayo pia hutibu saratani za limfu. Muulize bingwa kwa jina.

Wewe mume, wewe mke, usingoje shambulio lijalo. Aliyepona mwezi uliopita bado ana makovu yanayoonekana kwenye MRI, na kwa wengi dawa ya kuzuia hufaa zaidi ikianza mapema. Mlete akiwa anatembea.