Muhuri wa forodha unaotaja umri wa chombo cha Kijapani

KABLA hujauza chombo cha maua cha Kijapani ulichorithi kwa bibi, kipindue. Anayevuka mpaka na cheti cha uasili wa bidhaa hatashangaa: alama iliyo chini yake iliwekwa kwa ajili ya forodha.

Mwaka 1890 Marekani ilipitisha sheria ya ushuru ya McKinley, iliyotaka bidhaa za kigeni zitaje nchi zilikotoka. Viwanda vya Japani vikaandika “Nippon”, jina la nchi hiyo kwa Kijapani. Mwaka 1921 forodha ikalikataa neno hilo, ikataka “Japan”. Kwa hiyo chombo chenye “Nippon” kwa kawaida ni cha kati ya 1891 na 1921. Nasema kwa kawaida, maana alama hiyo imeghushiwa mno.

Kisha yakague maua kwa lenzi. Mkono huacha mistari ya brashi. Ukiona vitone vidogo vilivyopangana, hiyo ni picha ya kuchapwa.

Sasa uchafu, na hapa ndipo wengi hujipunguzia bei wenyewe. Dhahabu hupakwa mwisho, juu ya utando unaong’aa, hivyo hutoka ikisuguliwa. Waya wa sufuria na dawa ya klorini viache kando. Tandika taulo ndani ya beseni, tumia maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo isiyo kali na brashi laini, kisha kausha kwa kugusagusa. Vyombo vya Satsuma, vyenye nyufa nyembamba kama nywele, visilowekwe, maana maji hupenya humo pamoja na uchafu. Vifute tu kwa kitambaa chenye unyevu, ukikwepa dhahabu.