Nyota wa NBA akidai kuhama, ni haki yake au ni tamaa?

Kama wewe ni mmoja wa wale wanaotega alamu ya saa tisa na nusu usiku kila Juni ili kutazama fainali za NBA, unaujua huu mjadala. Kufika asubuhi, wasee wa base wameshagawanyika. Mmoja anashikilia kwamba wachezaji hawa wamezidi: mtu analipwa mabilioni, anatia saini mkataba wa miaka minne, na kabla mwaka kuisha anataka kuhama. Mwingine anamjibu kwamba kazi ni kazi, na hata yeye akipigiwa simu leo na mwajiri mwenye doo zaidi, Ijumaa hayuko.

Miaka mingi nilikuwa upande wa yule wa kwanza. Niliwahi kununua jezi ya nyota mmoja, jina lake nitalihifadhi, kwa pesa za kujinyima chakula cha mchana. Haikuwa hata imepauka kabla jamaa hajadai kuhama. Sikuhizi naivaa nikifua. Kwa hivyo usidhani ninayoyasema hapa yametoka kwa mtu asiyejua uchungu.

Tuanze na pesa, maana hapo ndipo kelele huanzia. Msimu wa 2024-25, Stephen Curry alilipwa takriban dola milioni 55.7. Kwa shilingi zetu ni zaidi ya Sh7 bilioni, na hiyo ni ya msimu mmoja tu. Najua imekuuma. Lakini jiulize hivi: Curry akikatwa nusu ya mshahara, hizo pesa zinaenda wapi? Haziendi kwa muuguzi wala kwa mwalimu, na tiketi haishuki bei. Wachezaji na wamiliki wa timu hugawana mapato ya ligi takriban nusu kwa nusu, kwa makubaliano ya pamoja. Zikitoka kwa Curry, zitaenda kwa mchezaji mwingine au zitarudi kwa tajiri mwenye timu.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Huu mkataba wa juu kabisa tunaoulalamikia haukuwekwa ili kuwatajirisha nyota. Uliwekwa kuwazuia. Mwaka wa 1997, Kevin Garnett, kijana wa miaka 21, alipewa na Minnesota dola milioni 126 kwa miaka sita, kiasi kilichozidi kile ambacho mmiliki alikuwa amelipa kununua timu nzima. Msimu huohuo wa 1997-98, Michael Jordan alilipwa zaidi ya dola milioni 33, ilhali kikomo cha mishahara ya timu nzima kilikuwa karibu milioni 27. Mtu mmoja, bana! Wamiliki wakaingiwa na baridi. Wakawafungia wachezaji milango, msimu uliofuata ukapunguzwa hadi mechi 50, na makubaliano ya 1999 yakaweka dari kwa kila mchezaji. Leo dari hiyo huanzia asilimia 25 ya kikomo cha timu kwa mwenye miaka michache kwenye ligi, inapanda hadi asilimia 30, kisha asilimia 35 kwa aliyekaa miaka 10 au zaidi.

Maana yake ni kwamba mchezaji bora duniani hawezi kudai thamani yake kamili. Anayefaidika na dari ni yule wa ngazi ya pili, anayelipwa sawa na bora au karibu sawa, ilhali si bora. Bradley Beal alipewa na Washington dola milioni 251 za miaka mitano mwaka wa 2022, pamoja na haki ya kukataa kuhamishwa. Mwaka mmoja baadaye alikuwa Phoenix, na kufikia 2025 Phoenix walikuwa wakimlipa ili aondoke. Sasa hapo mwenye makosa ni nani? Beal hakujiandikia hundi. Kuna mtu mwenye suti aliyekaa ofisini akashika kalamu.

Ila kuwa mwepesi wa kucheka pia ni hatari. Jaylen Brown alipopewa karibu dola milioni 304 na Boston mwaka wa 2023, mkataba mkubwa kuliko wowote wakati huo, mtandao mzima ulimkejeli kwamba hawezi hata kudunda mpira kwa mkono wa kushoto. Juni iliyofuata Boston walikuwa mabingwa, na Brown ndiye aliyetajwa mchezaji bora wa fainali. Waliocheka walinyamaza kimya kama hawakuwepo.

Haya, pesa wanastahili. Sasa njoo kwenye kudai kuhama.

Ukiwa shabiki wa EPL, kuna kitu unachukulia kuwa cha kawaida. Chelsea haiwezi kumpeleka mchezaji Everton bila yeye mwenyewe kukubali masharti na kutia saini. NBA si hivyo. Usipokuwa na kile kipengele cha Beal, ambacho ni wachache mno wanakipata, timu inaweza kukubadilisha na mtu mwingine ukiwa umelala, na mkataba wako unahama nawe. Luka Dončić aliifikisha Dallas fainali mwaka wa 2024. Miezi minane baadaye, usiku wa kuamkia Februari 2, 2025, alipelekwa Lakers bila kuulizwa. Habari ilipotoka, watu walidhani akaunti ya mwanahabari imedukuliwa. Na kwa kuhamishwa, alipoteza nafasi ya kutia saini Dallas mkataba wa takriban dola milioni 345.

Luka hatalala njaa. Isaiah Thomas ndiye anayeniuma. Mwaka wa 2017 dadake alifariki katika ajali siku moja kabla ya timu yake kuanza mechi za mchujo. Alicheza. Siku ambayo dadake angetimiza umri mwingine, alifunga pointi 53. Alikuwa akicheza na nyonga iliyoumia, akisubiri mkataba mkubwa ambao kila mtu aliona ameutolea jasho. Agosti, Boston ikampeleka Cleveland kumleta Kyrie Irving. Nyonga haikupona sawasawa, na mkataba ule haukuja kamwe. Mwaka wa 2018 alitia saini Denver kwa mshahara wa chini kabisa.

Ukishakumbuka hayo, mchezaji akisema "nihamisheni", yeye anatumia mlango uleule ambao timu imekuwa ikiutumia siku zote. Tofauti ni kwamba timu ikifanya hivyo inaitwa biashara, na mchezaji akifanya anaitwa msaliti.

Utaniuliza, je, timu inayoachwa? Hapa ndipo nilipobadili mawazo, na aliyenibadilisha ni Paul George.

Mwaka wa 2017 George aliiambia Indiana kwamba hataongeza mkataba. Wakampeleka Oklahoma City, wakapata Victor Oladipo na Domantas Sabonis. Mwaka wa 2018, kwenye sherehe ya Russell Westbrook, George akatangaza kwamba amebaki Oklahoma: miaka minne, dola milioni 137. Watu wakashangilia. Mwaka mmoja baadaye, wino haujakauka vizuri, akaomba apelekwe Clippers kuungana na Kawhi Leonard. Nilimtukana sana siku hiyo, sifichi.

Kumbe Oklahoma walikuwa wakihesabu. Kwa kuwa George alikuwa bado na mkataba, Clippers walilazimika kulipa: Danilo Gallinari, nafasi tano za kuchagua chipukizi katika raundi ya kwanza, haki ya kubadilishana nyingine mbili, na kijana wa miaka 20 aliyekuwa amecheza msimu mmoja tu, Shai Gilgeous-Alexander. Kupitia mojawapo ya nafasi hizo akaja Jalen Williams. Indiana nao wakamtoa Sabonis mwaka wa 2022, wakampata Tyrese Haliburton. Juni 2025, fainali ilikuwa Oklahoma City dhidi ya Indiana. Timu mbili alizozikimbia! Oklahoma wakashinda kwa mechi 4-3, Gilgeous-Alexander akiwa ndiye mchezaji bora wa ligi msimu huo. Clippers walimpoteza George bure mwaka wa 2024, bila hata kucheza fainali moja.

Linganisha na Kevin Durant. Yeye hakudai chochote. Alimaliza mkataba wake Oklahoma kwa heshima mwaka wa 2016, akaenda Golden State, na Oklahoma wakabaki na mikono mitupu. Sasa wewe niambie, kati ya hao wawili, ni nani aliyewaumiza zaidi mashabiki wa mji ule? Anayedai kuhama mapema huipa timu muda wa kupiga bei.

Nisichoweza kukitetea ni kugoma. Januari 2025, Jimmy Butler alisimamishwa na Miami mara tatu ndani ya mwezi mmoja kwa utovu wa nidhamu, akiwa anataka kuondoka. Mwezi uliofuata Golden State wakamchukua na kumwongezea mkataba wa takriban dola milioni 111 za miaka miwili. Kuna chipukizi wengi walioona hiyo sinema na kuelewa funzo lake. Mtu aliyelipia tiketi usiku ambao Butler hakucheza hakurudishiwa chochote.

Kisha kuna kuchagua timu moja tu. Damian Lillard, baada ya miaka 11 Portland, aliomba kuhama Julai 2023, lakini akataka Miami peke yake. Ukimfunga muuzaji kwa mnunuzi mmoja umemharibia bei. Portland wakakataa, wakampeleka Milwaukee, na miongoni mwa waliopata kwake alikuwemo Jrue Holiday, ambaye hawakukaa naye hata wiki moja kabla ya kumpeleka Boston.

Aprili 2025, Lillard alikatika kano ya kisigino. Milwaukee wakamwachilia akiwa bado anawadai takriban dola milioni 113. Julai hiyo akarudi Portland kwa mkataba wa miaka mitatu, na safari hii ameandikiwa kipengele cha kukataa kuhamishwa. Alipoingia alimkuta Holiday. Boston, wakikimbia gharama za mikataba yao mikubwa, walikuwa wamemrudisha wiki chache mapema.