Masega ya Gari: Afya, Sheria na Bima Yanapong'olewa

Chini ya sakafu ya magari mengi yatumiayo petroli, kati ya injini na mwisho wa bomba la moshi, pamefungwa kopo la chuma ambalo wamiliki wengi hawajapata kuliona. Wataalamu hukiita kifaa hicho katalitiki konveta. Mafundi wa Tanzania hukiita masega, kwa kuwa ndani yake mna kauri yenye vitundu vingi kama sega la nyuki. Kuta za vitundu hivyo hupakwa madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi upitapo humo ukiwa na joto la kutosha, kaboni monoksaidi hugeuka kaboni dayoksaidi, mabaki ya petroli isiyoungua hugeuka kaboni dayoksaidi na mvuke wa maji, na oksaidi za nitrojeni hurudi kuwa nitrojeni ya kawaida.

Masega hung'olewa kwa sababu kuu mbili. Ya kwanza ni kuziba: gari hukosa nguvu, hasa likipanda mlima, na fundi hushauri kauri itolewe ili moshi upite. Ya pili ni biashara, kwani madini hayo yana thamani kubwa na wanunuzi wake hawakosekani. Pengine mwenye gari hulipwa. Pengine huibiwa gereji bila kujua.

Hasara ya kwanza huangukia afya. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, nayo hujishika na hemoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Oksaidi za nitrojeni huchokoza njia za hewa na kuzidisha pumu, hasa kwa watoto. Miongoni mwa mabaki ya petroli mna benzini, ambayo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Kama kiungo cha bomba hakikufungwa sawasawa baada ya kifaa kutolewa, moshi huo ambao haujasafishwa unaweza kupenya hadi walipoketi abiria.

Faida ya kifaa hiki imepimwa. Nchini Marekani magari mapya yalianza kufungwa masega kwa wingi mwaka 1975. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2002 katika jarida la JAMA ulionyesha kuwa vifo visivyokusudiwa vilivyotokana na kaboni monoksaidi ya magari vilishuka kutoka 4.0 kwa kila watu milioni 1 kwa mwaka 1975 hadi 0.9 mwaka 1996. Barani Afrika kikwazo kikubwa kilikuwa petroli yenye risasi, kwani risasi huharibu madini ya masega. Nchi za kusini mwa Sahara ziliiacha petroli hiyo kufikia mwanzo wa mwaka 2006, hivyo sababu hiyo haipo tena.

Mhudumu wa afya ana haja ya kulikumbuka jambo hili. Maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu huweza kudhaniwa malaria. Iwapo watu kadhaa waliosafiri katika gari moja wanaugua pamoja bila homa, na nafuu huja wakishuka, moshi ushukiwe. Kipimo cha kawaida cha oksijeni cha kidoleni hakitoshi, kwa sababu hakitofautishi hemoglobini iliyobeba oksijeni na ile iliyoshikwa na kaboni monoksaidi. Kinaweza kuonyesha asilimia 98 kwa mgonjwa aliye hatarini. Mgonjwa atolewe kwenye hewa safi na apewe oksijeni kwa wingi mara moja. Mjamzito aangaliwe kwa uzito zaidi, kwani gesi hiyo hufika kwa mtoto aliye tumboni.

Kwa upande wa sheria, Marekani inamkataza mtu yeyote kuondoa kifaa hiki katika gari lililoundwa nacho, isipokuwa kwa kukibadilisha. Uingereza, gari lililotoka kiwandani likiwa nacho hushindwa ukaguzi wa kila mwaka likikutwa bila hicho. Tanzania inayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, pamoja na kanuni za viwango vya ubora wa hewa za mwaka 2007 ambazo zinahusu pia moshi wa magari. Kwa mujibu wa utaratibu huo swali kuu ni kile kinachotoka katika bomba, na gari la petroli lisilo na masega ni vigumu kukidhi kiwango kilichowekwa kwa gari lenye nayo.

Kuhusu bima, mkataba wake husimama juu ya uaminifu wa hali ya juu: anayekata bima hulazimika kueleza kila jambo linaloweza kubadili uamuzi wa kampuni. Fomu ikiuliza kama gari limefanyiwa mabadiliko na mwenye gari akajibu hapana ilhali masega yameondolewa, amempa mwenye bima hoja ya kukataa au kupunguza fidia. Hata hivyo, si kila dai hufa. Gari lililogongwa kwa nyuma likiwa limesimama halikugongwa kwa sababu ya kukosa masega. Lakini likiungua, na mkaguzi akakuta bomba limechomelewa ovyo chini ya sakafu, uhusiano huo huwa mgumu kuukana. Katika bima ndogo, ambayo ni ya lazima, nia ni kumlinda mtu wa tatu aliyedhurika. Lakini masharti yaweza kuiruhusu kampuni, baada ya kulipa, kumdai mwenye gari.

Njia salama ni kutafuta chanzo. Mara nyingi masega huziba kwa sababu injini inaunguza oili au plagi hazichomi sawasawa. Kuyang'oa bila kutengeneza injini ni sawa na kumpa mgonjwa dawa ya homa na kuacha jipu lililoileta. Mwenye gari aombe kipimo kabla ya kukubali, adai kurudishiwa kifaa cha zamani kikibadilishwa, atunze stakabadhi, na aiarifu kampuni ya bima kwa maandishi. Anayenunua gari lililotumika alikague chini kabla ya kulipa. Akikuta bomba tupu, akumbuke kuwa gharama aliyoikwepa muuzaji haikutoweka: sehemu itamfikia yeye, na sehemu italipwa na mapafu ya abiria wake na ya wapita njia.